Sahani Yangu Kwenye Sengu

Nikisifiwa huwa natazama vidole vyangu vya miguu. Watu wa huku Mapera hudhani ni unyenyekevu. Kanisani wakinisimamisha na kusema mama huyu amelea watoto wake na wa wenzake, amelima shamba lake na la wagonjwa, mimi nainamisha kichwa, nao wanazidi kupiga makofi. Laiti wangejua. Kuna watu wanaosukumwa na upendo, na wengine wanasukumwa na njaa. Mimi nilisukumwa na aibu, na aibu ni nyapara mkali, haikupi hata siku ya Jumapili.

Nilizaliwa Lipingo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, enzi za Mwingereza. Kwetu ni mchanga, mihogo na usipa, wale dagaa wa ziwani. Tulikaa karibu na maji kiasi kwamba mama akitaka kitoweo aliinjika chungu kwanza, ndipo akashuka kuangalia mitumbwi imeleta nini. Wamatengo walikuwa wakishuka kutoka milimani na mizigo ya maharage kuja kubadilisha na samaki, na mmoja wao ndiye aliyekuja kuwa mume wangu. Mara ya kwanza alikuja kutafuta samaki kweli. Mara ya pili alileta maharage mengi kuliko samaki aliowachukua, na mama akacheka, akasema huyu kijana hatafuti kitoweo.

Sisi tulikuwa Waanglikana, wao Wakatoliki. Wazee wakakaa, wakasema, wakamaliza, nami nikaingia kanisa la mume. Siku ya kuondoka mama alinipa vitu viwili: sahani ya bati ya bluu aliyoinunua Liuli, na kikapu cha makopa, yaani mihogo iliyomenywa na kukaushwa, ya kutwanga unga. Aliniambia, "Huko uendako watu ni wakulima hasa. Usiwaaibishe, na usituaibishe." Nikapanda mlima na maneno hayo. Kikapu kilikuwa chepesi kuliko hayo.

Lazima nieleze sengu, maana bila sengu habari yangu haina kichwa. Kwa Wamatengo wa wakati ule wanaume wa ukoo mmoja hawakula kila mtu nyumbani kwake. Walikutana uwanjani kwa mzee wao, kila mke akapeleka chakula alichopika, vyakula vyote vikawekwa katikati, wakala pamoja. Hapo hapo ndipo mambo ya ukoo yalipozungumzwa, nani kagombana na nani, shamba la nani limelala, mke wa nani analia. Sisi wanawake tulitua sahani tukaondoka. Wanaume wakishatawanyika ndipo tulipokwenda kuzichukua. Na mke mgeni, asikudanganye mtu, hangoji kuambiwa kama anapendwa au hapendwi. Anakwenda kuchungulia sahani yake.

Mimi nilipika nilichokijua, ugali wa muhogo na usipa. Wao walikula ugali wa mahindi na maharage. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alipouona ugali wangu ule wa kijivu, unaonata, aliuvuta kwa vidole, akauliza kama kwetu tunautumia pia kuzibia mitumbwi inayovuja. Wanawake wote jikoni wakacheka. Nikacheka nao, maana ningefanya nini? Lakini nilipokwenda sengu kuchukua sahani yangu ya bluu niliikuta tupu, imekombwa. Nilirudi natabasamu njia nzima. Kesho yake tupu, keshokutwa tupu. Wachuuzi wa samaki waliopanda kutoka ziwani wakawa wananiletea makopa kutoka kwa mama, nami nikatwanga na kupika bila wasiwasi. Nilijiambia, wanawake wa huku wana midomo, lakini wanaume wao wanajua chakula.

Mkuu wa sengu ile alikuwa baba mkwe. Mtu mrefu, mkimya, mikono mikubwa. Yeye ndiye aliyetangulia kupanda kahawa katika ukoo wetu, na miche yake ilikuwa michanga bado, kila mmoja ameufunika kwa kivuli cha majani kama mtoto anayelindwa jua. Mimi na yeye hatukuwahi kusemeshana. Kwetu na kwao desturi ilikuwa moja: mkwe mwanamume na mke wa mwanawe hawatazamani usoni wala hawazungumzi. Nikimwona njiani nilitoka njiani, nikapiga magoti kando, nikageuza uso. Yeye alikohoa kidogo, akapita. Kikohozi kile kilikuwa ndiyo salamu yetu, nami nilikizoea, nikakipenda hata.

Basi ikaja kazi ya ngolo.

Mtu wa ziwani akiambiwa shamba anafikiria tambarare. Huku shamba limesimama. Unalima huku umeegemea mlima. Kwa hiyo Wamatengo wana maarifa yao. Mvua zikikaribia mwisho, wanaume wanafyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayopishana, juu na chini, kulia na kushoto, mteremko mzima unakuwa miraba. Wanawake wanafuata na majembe, wanachota udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika yale majani pande zote. Katikati linabaki shimo, na juu ya kingo ndipo maharage yanapopandwa. Mvua ikinyesha kila shimo linapokea maji yake na kuyanywa taratibu. Mteremko hauporomoki. Hizo ndizo ngolo, na mwanamke wa huku alipimwa kwa ngolo zake kama wanawake wa kwetu wanavyopimwa kwa samaki wao wa kukausha.

Mama mkwe alinifundisha kwa uvumilivu. Alinionyesha namna ya kuchota, namna ya kufunika, namna ya kuushindilia udongo kwa mgongo wa jembe. Nikaiweza mikono. Sababu yake sikuielewa, na sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuchekwa.

Tulipomaliza kupanda, mvua ilinyesha mfululizo. Asubuhi moja mama mkwe na wifi walikwenda kwenye mazishi ng'ambo ya bonde, wakaniacha niangalie nyumba. Nikaenda shambani kwangu kutazama maharage. Mashimo yote yalikuwa yamejaa maji. Nilishtuka. Kwetu Lipingo maji yakisimama shambani siku mbili, mihogo inaoza, ukiing'oa inanuka. Nikasema maharage haya yanakufa, na wenyewe hawapo. Nikachukua jembe. Nikatoboa ukingo wa kila shimo upande wa chini, mfereji mdogo tu wa upana wa kiganja, ili maji ya hili yaingie lile, na ya lile yashuke zaidi, mpaka yatoke. Nilifanya kazi ile kwa furaha. Nilikuwa naimba! Niliona kabisa jinsi wifi atakavyorudi akute shamba limekauka vizuri, ashindwe la kusema.

Alasiri ilikuja mvua ambayo sijaisahau. Nilikuwa jikoni, nikasikia sauti kama watu wanaburuta gogo. Nilipotoka nje shamba langu lilikuwa linatembea. Maji niliyoyafungulia njia yalikuwa yamekutana yote, shimo kwa shimo, yakawa mto, yakavunja kingo, yakachukua udongo na majani na mbegu. Na chini ya shamba langu ndipo palipokuwa na kahawa ya baba mkwe.

Mvua ilipokatika alikuja mwenyewe. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope pembeni, uso nimeugeuza, kama desturi inavyotaka, ila sikuweza kuzuia macho kuiba. Alisimama pale palipokuwa na miche. Akainama, akaokota mmoja uliokuwa mizizi juu, akaukung'uta tope, akautazama. Kisha akapita karibu yangu. Sikusikia kikohozi. Nilingoja nikisikie, na alipokwisha kupotea bado nilikuwa nangoja.

Jioni ya siku ile ile, hiyo ndiyo iliyokuwa kesi ya sengu. Nilijua, kila mtu alijua. Nilipika, kwa sababu kutopeleka sahani kungekuwa ni kujihukumu mwenyewe. Ugali wa muhogo, usipa, kama siku zote. Niliitua sahani ya bluu katikati ya zile nyingine bila kuinua macho, nikarudi jikoni. Kutoka kule nilimsikia mdogo wake baba mkwe, mtu wa sauti kubwa, akisema, "Arudishwe kwao. Mwanamke asiyejua maji ya mlima atatumaliza." Baada ya hapo palikuwa kimya. Kimya kirefu. Niliwaza nitakavyoteremka kwenda Lipingo na kikapu kitupu, na mama atakavyoniona kwa mbali na kujua kabla sijafika.

Wanaume walipotawanyika nilikwenda. Sahani yangu ilikuwa tupu. Nilimkimbilia mume wangu, nikamuuliza, wamesemaje? Nani kala? Mume wangu alikuwa mpole lakini kwa hilo alikuwa mgumu kama mawe ya kusagia. "Ya sengu hubaki sengu," alisema. "Hujafukuzwa. Sahani imerudi tupu. Unataka nini tena?"

Nilitaka kujua kama nimesamehewa. Kutofukuzwa ni jambo moja, kusamehewa ni lingine. Na mtu pekee aliyeweza kuniambia ni yule ambaye desturi ilimkataza kufungua mdomo mbele yangu. Kimya chake kabla ya mvua ile kilikuwa cha heshima, hilo nililijua. Baada ya mvua, kilikuwa cha heshima bado, au cha hasira? Vimya viwili havina tofauti kwa mtu aliyepiga magoti na kugeuza uso.

Wanawake hawakuwa na tatizo la kimya. Kwenye ngokela, ile kazi ya kusaidiana ambapo mwenye shamba anapika pombe na majirani wanakuja na majembe, walinitungia wimbo. Ulisema Mnyasa kaona udongo wetu mzuri, kaufungulia maji, kaupeleka kwao ziwani. Kwa kweli vijito vyetu vinaishia ziwani, kwa hiyo wimbo haukuwa hata na uongo. Waliuimba mbele yangu huku tukilima, nami niliuitikia pamoja nao, jembe likipanda na kushuka, machozi yanachanganyika na jasho. Nilishukuru kwamba jasho lipo.

Ndipo nilipoanza kuwa huyu mtu mnayemsifu. Hakuna aliyenituma. Nilichukua kikapu, nikashuka mpaka bondeni udongo ulipokuwa umerundikana, nikaubeba kuupandisha. Kikapu kwa kikapu, msimu mzima wa kiangazi, mpaka pale kwenye kahawa pakawa na udongo tena na miche mingine ikapandwa. Mwaka uliofuata mume wangu akaenda manamba, kibarua cha mkataba, kwenye mashamba ya mkonge Tanga kama wenzake, nikabaki peke yangu na watu niliowaharibia. Nililima ngolo nzuri kuliko za wifi. Palipokuwa na ngokela nilikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuosha jembe. Mwanamke akijifungua nilikuwapo. Mgonjwa akiwa hana wa kumchotea maji, nilichota. Watoto wangu walizaliwa na kukua mgongoni mwangu juu ya mashamba ya watu. Wakasema, mke huyu ana moyo. Mimi nilijua ninalipa, na aliyenidai hajaniambia kama deni limekwisha.

Tena nilifanya jambo moja ambalo wakati ule niliona ni dogo. Kuanzia kesho yake ya mvua ile sikupika tena ugali wa muhogo. Niliona kila kitu cha kwetu kimenichongea: mihogo yetu ndiyo iliyonifundisha kuogopa maji, mihogo yetu ndiyo iliyonifanya nichekwe. Makopa yaliyobaki niliwapa wachuuzi wayarudishe. Mama alipoleta mengine nilimtumia salamu asijisumbue, huku mahindi yapo tele. Nikasaga mahindi, nikapika kama wao, nikasema kama wao. Mtu akinisalimu Kinyasa sokoni nilimjibu Kimatengo. Mkataa kwao mtumwa, nao utumwa ule niliuvaa kama kanga mpya. Sahani ya bluu ilikwenda sengu na ugali wa mahindi, ikirudi wakati mwingine tupu, wakati mwingine na masalio, kama sahani za wengine. Nilifurahi kuwa kama wengine.

Baba mkwe alizeeka. Kahawa yake ilizaa, ikavunwa, ikazaa tena. Njiani nilipiga magoti, naye kikohozi kilirudi, lakini sasa mzee wa namna ile anakohoa tu kwa sababu ya kifua, na mimi sikujua ni salamu au ni ugonjwa. Kila mara nilikisikiliza kama mtu anayesikiliza mlango. Nilichoka kukisikiliza. Niseme ukweli, zilikuwapo siku nilizomchukia kwa ukimya ule.

Mwishoni alilala, asiamke tena kitandani. Ilikuwa bado Mwingereza yupo, ingawa vijana walikwisha anza kuzungumza habari za kujitawala. Mimi nilimpikia uji na ugali laini, mama mkwe akaingiza ndani, maana mimi sikuruhusiwa kuvuka mlango ule. Siku moja mama mkwe alitoka na bakuli halijaguswa.

"Anataka ugali wako," aliniambia.

"Mama, si huo?"

"Si huu. Ule wa kwenu. Wa mihogo." Akaketi kwenye kinu, akanitazama kama aliyeona aibu kidogo kwa niaba ya mzee wake. "Anasema tangu mwaka wa maji hajauona tena. Ananiuliza, hivi kule ziwani mihogo iliisha?"

Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikashika ukuta. Nyumba nzima haikuwa na kipande kimoja cha kopa. Miaka yote ile sikuwa nimeweka hata kimoja. Mume wangu, aliyekwisha kurudi kutoka Tanga siku nyingi, alichukua fimbo yake papo hapo, akateremka kwenda Lipingo. Ni mwendo, ule, kwenda na kurudi, hata kwa mtu anayekimbia. Mama yangu alikuwa hai bado, mzee, na nasikia alipoambiwa ni mkwe wa mwanawe anayeutaka ugali wa muhogo alimimina kapu zima la makopa yake mwenyewe ya kula, hakubakiza.

Mume wangu alipofika nyumbani tulikuwa tumekwisha mzika baba yake.

Kikapu cha makopa alicholeta kikakaa kwenye kona ya jiko. Wafiwa waliokuja na kuondoka walikipita. Siku ya kumaliza matanga sengu ilikutana, na mdogo wake marehemu, yule wa sauti kubwa, ndiye aliyekaa mahali pa mkuu. Nilitwanga yale makopa, nikachekecha, nikasonga. Mkono haukuwa umesahau. Wifi yangu aliingia jikoni, akaona ule ugali wa kijivu, akanisogezea kuni. Niliwasha moto mwingine, nikachoma usipa. Nikapakua kwenye sahani ya bluu, ambayo sasa rangi yake ilikuwa imebanduka pembeni pote, nikaipeleka, nikaitua katikati.

Nilingoja jikoni kama bibi harusi. Nikawasikia wakila, wakizungumza, wakigawana majukumu ya marehemu, nani atatunza kahawa, nani atakaa na mama. Walikula kwa muda mrefu, maana wake wote walikuwa wamepika vizuri siku ile. Kisha wakainuka, nasi tukaenda kuchukua vyombo.

Sahani za wenzangu zilikuwa tupu. Yangu ilikuwa kama nilivyoileta, ugali umekauka juu, usipa wamepangana vilevile nilivyowapanga, hakuna hata alama ya kidole. Wanaume wote wa ukoo walikuwapo isipokuwa mmoja. Basi hao wengine, hata mume wangu, hawakuwa wakiula. Hawakuwahi kuula, hata ule mwaka wa kwanza nilipokuwa narudi natabasamu, hata jioni ile waliposema nirudishwe kwetu na pakawa kimya. Alikuwa akiula mtu mmoja, peke yake, mpaka anaikomba sahani, mbele ya ndugu zake wote.

Wifi aliniuliza kama aimwage. Nikamwambia aache. Nikaketi pale pale chini, sengu, ambapo mwanamke hakai, nikala ugali ule wote uliopoa, na hakuna aliyeninyanyua.